Senema Alizozipenda Shoga Yetu wa Iringa



Hapa kwetu mtu akishafariki hutajwa kwa ibada yake, kwa mkono wake jikoni na kwa namna alivyokaa na majirani. Shoga yetu aliyetangulia mbele ya haki mwaka jana tunamtaja kwa yote hayo. Alikuwa mtu wa sala za usiku, wali wake ulitoka punje mbalimbali, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Lakini sisi tuliokaa naye barazani miaka karibu arobaini tunamjua kwa jambo jengine pia. Alikuwa mtu wa senema. Ukimtajia mwaka, yeye alikutajia senema. Akitaka kukueleza tabia ya mtu, alikwambia, "Yule ni kama mkopeshaji wa Mother India," na ukaelewa kila kitu.

Alizaliwa Iringa, akaletwa Unguja na ndoa. Maisha yake yalipita kati ya mji wa baridi uliokaa juu ya mlima na kisiwa hiki cha joto na chumvi. Tukizipanga senema zake kwa miaka, tunapata historia ya wanawake wa nchi hii ambayo skuli hatukufundishwa. Ni historia ya nani aliruhusiwa kutazama, alitazama nini, alikaa na nani, na alirudi nyumbani na fikra gani kichwani.

Wapo wanaosema haifai kumkumbuka maiti kwa senema. Suala hilo tutalifikia na hatutalikwepa. Kwanza tumueleze alikotoka.

Mji unaojua kudai wafu wake

Iringa imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar es Salaam ni safari ya karibu kilomita 500. Unapita mbuga ya Mikumi, unapanda mlima Kitonga wenye kona za kukatisha pumzi, na ukifika Ipogolo unauona mji juu yako na mto Ruaha Mdogo chini yako. Asubuhi za Juni na Julai watu huvaa masweta mazito. Jina lenyewe husemwa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome.

Wahehe wanamkumbuka Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani huko Lugalo mwezi Agosti 1891, akapigana nao miaka mingi, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Wajerumani walichukua fuvu la kichwa chake. Suala la fuvu hilo liliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini halikurudi mpaka mwaka 1954, gavana wa Kiingereza Edward Twining alipolitoa Bremen na kulikabidhi Kalenga, ambako limehifadhiwa mpaka leo. Ni miaka 56 ya kudai.

Shoga yetu alikuwa akilisema hilo kwa fahari kila tulipomtania kuwa watu wa bara hawajui kukaa matanga. "Sisi tunadai wafu wetu mpaka Ulaya," alisema, na baraza zima likacheka. Sasa yeye mwenyewe ametangulia, na maneno yale tunayasikia kwa namna nyengine.

Gari la senema na kitambaa cheupe

Kabla ya kuzaliwa yeye, senema ilifika kwa wengi wa Tanganyika ikiwa ndani ya gari. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, na makao yake yakawa Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo ulidumu mpaka 1937. Filamu zake zilihusu afya, kilimo, kodi na kuweka akiba posta, na magari yalizungushwa kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Walioupanga waliamini kwamba Mwafrika apewe mafunzo, na starehe ingemharibu.

Waliokaa chini kutazama walikuwa na hesabu zao. Mama wa shoga yetu alimsimulia habari za gari la serikali lililofika na kitambaa cheupe kikafungwa baina ya miti miwili. Kabla ya picha, bwana mmoja alieleza kwa kipaza sauti faida ya kuchimba choo. Watu walisubiri amalize. Walichokwenda kukiona ni mtu anayetembea juu ya kitambaa, na walichozungumza njiani wakirudi ni nguo za mke wa yule mtu. Wanawake walikaa upande wao, watoto mbele kabisa, na habari za choo zikabaki palepale na bwana wa kipaza sauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa senema ya Kiswahili iliyopendwa sana Tanganyika, Muhogo Mchungu. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 na tena kuanzia 1972 mpaka 1977. Wazee waliokuwa wamemcheka kwenye kitambaa walimsikia baadaye redioni akitangaza sera za nchi. Mama wa shoga yetu, kila sauti ya Kawawa iliposikika, alisema, "Muhogo Mchungu huyo anasema." Kwa heshima zote, lakini alisema.

Mkanda kutoka Bombay

Sisi wa visiwani senema tulianza kuijua mapema zaidi. Royal Theatre ilifunguliwa Vuga, mjini Unguja, mwaka 1921. Baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua, na mwaka 1955 ikasimama upya katika jengo tunalolijua. Senema za Kihindi ndizo zilizotuteka mioyo. Awara ya 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, wazee wetu wameizungumza mpaka tumeijua bila ya kuitazama. Nyimbo za senema hizo ziliingia hata katika taarab yetu. Watunzi walichukua sauti ya Kihindi wakaivisha maneno ya Kiswahili, na bibi harusi akatolewa nje kwa wimbo uliozaliwa Bombay.

Tulichokuwa hatukijui mpaka tulipompata shoga yetu ni kwamba mikanda ile ile ilipanda mpaka Iringa. Senema iliposhuka melini, ilianza katika miji mikubwa ya pwani, kisha ikapelekwa mikoani kwenye majumba ya senema ya miji ya bara. Iringa haina reli. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inapita mbali na mji, na mkanda ulifika kwa barabara. Kabla ya lami ya barabara ya Zambia, safari hiyo ilikuwa ya vumbi au ya matope kulingana na msimu. Mkanda ukifika Iringa ulikuwa umeshakatika na kuungwa mara nyingi, na watazamaji walipiga mbinja kila picha iliporuka.

Katikati ya mji wa Iringa, kwenye maduka ya Wahindi na mitaa kama Mshindo na Miyomboni, walikuwapo Waismailia, Wahindu, Waarabu, Wahehe, Wabena, Wakinga na watu wa pwani waliofuata biashara. Marehemu alikulia katika mitaa hiyo, katika nyumba ya Waislamu wa mjini. Anasema jumba la senema lilikuwa mahali ambapo mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mpagazi wa duka hilo walilia wakati mmoja kwa jambo moja. Viti havikuwa vya bei moja, lakini machozi yalikuwa sawa.

Kihindi walikuwa hawakijui. Aliyekijua kidogo aliwanong'oneza wa pembeni, wa pembeni akawaambia wa nyuma, na habari ikifika safu ya mwisho ilikuwa imeshakuwa hadithi nyengine. Shoga yetu aliamini mpaka utu uzima kwamba katika senema moja yule mzee alikuwa baba wa msichana. Ni sisi tuliomwambia, tukiitazama pamoja kwenye video hapa Unguja, kuwa alikuwa mjomba. Alikasirika siku nzima. Alisema senema ya Iringa ilikuwa nzuri zaidi.

Mother India na jembe la Iringa

Senema yake ya kwanza kwa mapenzi ilikuwa Mother India, iliyotoka mwaka 1957 na iliyoendelea kurudishwa kwenye majumba yetu kwa miaka mingi baadaye. Kwa wasioijua: Radha, anayechezwa na Nargis, ni mwanamke mkulima. Mama mkwe wake amekopa fedha kwa ajili ya harusi, na mkopeshaji wa kijiji anawakamua mpaka senti ya mwisho. Mume anavunjwa mikono na jiwe, anaona aibu ya kuwa mzigo, anaondoka usiku na harudi tena. Mafuriko yanakuja. Radha anavuta jembe mwenyewe na watoto mgongoni mwa umasikini. Mwisho wa hadithi, mwanawe mdogo Birju anageuka jambazi na anataka kumteka binti wa mkopeshaji. Radha anambeba bunduki na kumuua mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya binti wa adui yake.

Sisi tulioitazama Unguja tulimlilia Birju. Tulisema mama gani huyo. Shoga yetu aliitazama kwa macho mengine, na ilituchukua miaka kuelewa kwa nini.

Tarehe 25 Disemba 1971, huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, mkulima aitwaye Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, akamuua. Ugomvi ulikuwa juu ya shamba, katika kampeni ya kuwaingiza wakulima kwenye vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alijipeleka mwenyewe polisi, akashitakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Klerruu alikuwa msomi na mtumishi aliyeiamini kazi yake, na aliacha familia. Mwamwindi naye alikuwa mkulima aliyeuona ukulima wake wa miaka ukiondoka, na aliacha familia.

Shoga yetu alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alituambia kwamba majumbani habari hii ilizungumzwa kwa sauti ya chini, na mtoto akiingia chumbani watu wazima walihamia kwenye bei ya mahindi. Hakuna aliyewaeleza watoto nini cha kufikiri. Miaka michache baadaye alipelekwa na shangazi yake kuitazama Mother India, na pale kwenye giza akamuona mkulima, akaliona shamba, akaona bunduki. Aliposikia watu wazima wakilia kwa sauti, alihisi wanamlilia mtu mwengine pia, au watu wawili.

Hatusemi kwamba mji mzima uliitazama hivyo. Tunasema mtoto mmoja wa kike aliitazama hivyo, na alipokuwa mtu mzima aliitumia senema hiyo kutufundisha jambo. Sisi tuliuliza siku zote nani alikuwa na haki. Yeye alituuliza nani alibaki kupika siku ya pili yake. Kila aliposikia habari ya mauaji, ya ugomvi wa ardhi, au ya siasa zetu hapa visiwani ambazo nazo zimeacha wajane, hilo ndilo lilikuwa suali lake. Na kabla hatujamjibu alikuwa ameshavaa buibui kwenda kuwatazama wafiwa.

Mgeni wa bara katika baraza la Unguja

Alipoolewa na kuletwa Unguja, katika miaka ya 1980, mumewe alikuwa akifanya biashara ya vitunguu na viazi mbatata kutoka nyanda za juu. Mapokezi hayakuwa mepesi. Tuseme ukweli kwa sababu wenyewe tunajijua: mtu wa bara akiingia katika ukoo wa mjini, huangaliwa anavyokaa, anavyokula na anavyotamka. Alisema "sinema", sisi tukasema "senema". Alisalimia "Kamwene" kwa kusahau, watoto wakamfuata nyuma wakiliimba. Lahaja ilimshinda, samaki wa kupaka ulimshinda, na joto lilimlaza.

Kilichomfungulia mlango ni Bobby. Siku moja kwenye maandalizi ya harusi, wakati wanawake wanachambua mchele, mmoja alianza kuvumisha sauti ya wimbo wa senema hiyo ya 1973, ya Rishi Kapoor na Dimple Kapadia. Mgeni wetu akaushika wimbo kutoka pembeni, akaupeleka mpaka mwisho kwa Kihindi chake cha Iringa. Mikono ikasimama juu ya ungo. Bibi mkubwa wa nyumba akauliza, "Huyu kaujulia wapi?" Akajibiwa, "Kwao." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni.

Mama zetu walimweleza za kwao. Walimwambia habari za maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo wanawake wa Kizanzibari walikwenda kwa makundi na mabuibui yao, udi nguoni na karanga mkobani. Kwa wanawake wengi waliokaa ndani, ndiyo ilikuwa safari ya wiki. Ndani ya jumba hapakuwa na mwanamume, mabuibui yalilegezwa, watoto wachanga walinyonyeshwa, na mkwe mbaya wa kwenye senema alitukanwa hadharani na wanawake ambao nyumbani hawakuthubutu kumjibu mkwe wao. Shoga yetu alisikiliza habari hizo kama mtu anayehadithiwa pepo. Kwao Iringa aliongozana na shangazi na kaka, na alikaa palipoambiwa.

Jambo jengine lililomshangaza ni televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Alitoka katika mkoa ambao mtu aliweza kuzeeka bila ya kuliona sanduku hilo, akaingia katika nyumba ambayo jioni majirani walijaa ukumbini kulitazama. Barua yake ya kwanza kwa mama yake, alituambia, ilikuwa kurasa mbili, na kurasa moja na nusu ilikuwa ya televisheni.

Video, Bongo na simu

Kisha ikaja mikanda ya video na majumba ya senema yakaanza kufa, Iringa kama Unguja. Mengine yamekuwa maduka, mengine maghala. Majestic imesimama miaka mingi ikiwa gofu, ingawa sasa zipo juhudi za kuifufua. Kwa sisi wanawake video ilileta raha na ilichukua raha. Tulitazama nyumbani, hatukuhitaji ruhusa wala nauli. Lakini tulitazama watu wanne, sita, badala ya mamia, na sauti ya jumba zima linalolia hatukuisikia tena.

Marehemu alizipenda senema za nyumbani pia. Aliipenda Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kugombea tuzo za Oscar. Ndani yake Amandina Lihamba anacheza Samehe, mwanamke aliyekaa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka ishirini bila ya kusema neno, kwa sababu ya alichokiona kwa mama yake utotoni. Shoga yetu alisema Iringa anawajua kina Samehe watatu, na Unguja wawili, isipokuwa hao hawakupelekwa hospitali. Walipelekwa jikoni.

Na alimpenda Steven Kanumba, kama taifa zima lilivyompenda. Kijana yule wa Shinyanga alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Maelfu kwa maelfu walijitokeza kumuaga viwanja vya Leaders, na akazikwa Kinondoni. Wapo waliowacheka wanawake waliolia kwa ajili ya mchezaji wasiyemjua. Shoga yetu hakucheka. Alisema mtu aliyeingia nyumbani mwako kila Ijumaa usiku, akakuchekesha siku mume wako yuko safarini na mtoto ana homa, huyo unamjua.

Ya mwisho tuliyoitazama naye kwa mazungumzo marefu ni Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anaikimbia ndoa asiyoitaka, na Denge anapigania uhuru. Alifurahi kuiona mitaa yetu kwenye kitambaa. Halafu akauliza, "Ya Iringa itatengenezwa lini?"

Je, maiti anafaidika?

Tumefika kwenye suala tuliloliahidi. Katika vitu vyake marehemu aliacha mikanda ya video, sidii na daftari la skuli aliloandika majina ya senema alizotazama, kila jina na mtu aliyekaa naye. Wifi yake mmoja, mtu mcha Mungu na mwenye kumpenda, alitaka vyote vichomwe moto ili marehemu asielemewe navyo huko aliko. Binti yake alikataa. Wakatuuliza sisi, na sisi tuliwapelekea suala hilo wanaojua dini kuliko sisi.

Tuliyoyapata tunayaandika kwa uangalifu, na atakayetaka zaidi akamuulize shekhe wake. Tumefundishwa kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemuombea. Senema haimo. Hakuna anayepata thawabu kwa kuwa alimpenda Nargis. Yaliyo machafu katika mikanda hayafai kubaki mikononi mwa watoto, na mikanda ya aina hiyo, ambayo ilikuwa michache, iliondolewa. Hapo wifi alikuwa na haki, na tulimwambia hivyo.

Daftari ni jambo mbali. Daftari lina majina ya watu. Ndani yake yumo shangazi aliyemshika mkono kwenda kuitazama Mother India, na hakuna picha ya shangazi huyo popote. Wamo majirani wa Mshindo ambao watoto wake hawakuwajua. Yumo mama yake. Binti alipolisoma alitengeneza orodha ya marehemu wa kuwaombea, na majina kumi na moja hayakuwamo kabisa katika kisomo cha familia hapo kabla. Tulimuuliza wifi kama dua za watu kumi na moja ni kitu cha kuchomwa moto. Alinyamaza, kisha akaomba aandikiwe majina hayo na yeye.

Kuna ibra nyengine pia. Nargis tuliyemlilia, jina lake la kuzaliwa Fatima Rashid, alifariki Mei 1981, siku chache tu kabla senema ya kwanza ya mwanawe haijaonyeshwa. Madhubala wa Mughal-e-Azam alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 36. Meena Kumari alifariki Machi 1972, wiki chache baada ya Pakeezah kutoka. Tunawaona wakicheka, wazuri, vijana, na wote wako chini ya ardhi. Shoga yetu alikuwa na desturi, senema ikimalizika, anataja nani kati ya waliocheza ameshakufa, anasema "Inna lillahi", kisha anaondoa vikombe. Watoto wake waliona ni mzaha. Sisi tuliokaa karibu naye tulimuona anavyobadilika uso.

Basi wapenzi, tumeamua kumfanyia yaliyothibiti na kumhifadhia yaliyo mazuri. Tumechanga, na kwa fedha hizo familia yake Iringa inatengeneza mabomba ya kutawadhia katika msikiti wa mtaa wao, kwa nia ya sadaka yake. Maji ya kule ni baridi mno alfajiri, mtasema tumewaonea watu! Daftari limebaki kwa binti.

Na nyinyi mnaotusoma, ambao mama zenu, shangazi zenu na bibi zenu wako hai, wakaeni karibu wiki hii. Msiwaulize habari za zamani kwa jumla, kwa sababu watakwambieni, "Zamani ilikuwa nzuri," na yataishia hapo. Waulizeni senema ya kwanza waliyoitazama ilikuwa ipi, jumba gani, walivaa nini, walikaa na nani, na huyo waliyekaa naye yuko wapi leo. Kisha chukueni kalamu muandike majina.

Allahumma ghfir laha warhamha. Muombeeni shoga yetu, na muwaombee waliokaa naye kwenye giza la jumba lile la Iringa.